Feni Iliyonipeleka Mbele ya Kanisa

Kuna kanisa moja Bungoma, la mabati ya bluu, ambalo nikipita karibu nalo najifanya natafuta kitu ndani ya mkoba mpaka nilipite, na akina mama wa kwaya wakiniona bado wananizungushia kidole hewani hivi, kama feni, wakicheka mpaka wanashikana mabega. Wana haki. Wacha niwaambie mwenyewe kabla hamjasikia kwa mtu mwingine, maana kuna wanaosimulia ati nilianguka chini na kunena kwa lugha, na huo ni uongo. Kilichotokea ni kibaya zaidi.

Yote yalianza na kompyuta ya mume wangu. Wafula anauza misumari na mabati kwa duka la vifaa vya ujenzi hapa Kitale, na tangu shule ya upili ndoto yake ilikuwa kujiundia kompyuta ya kuchezea gemu, si ya kununua imefungwa kwa boksi, ya kuunda, kipande kwa kipande, kwa mkono wake. Kwa hilo simlaumu. Jioni wenzake wakienda kilabuni yeye anakuja nyumbani, anaosha vyombo (ndiyo, anaosha, msinitolee macho), halafu anakaa na gemu yake ya mpira. Shida ilikuwa kelele. Alikuwa ameiunda kwa mabaki ya kompyuta za ofisi, akaongeza pawa saplai, kile kiboksi cha kugawa umeme, ya bei ya kutupa na feni mbili ndogo za kutoa joto, na ukiiwasha ilinguruma kama mashine ya kusaga mahindi. Sisi tunaishi chumba kimoja. Kitanda hapa, kompyuta pale, na katikati binti yetu Nekesa, aliyezaliwa akaikuta ikinguruma.

Siku moja nilikuwa naongea na mama yangu kwa simu na sikusikia hata neno moja. Nikalipuka.

"Baba Nekesa, chagua. Hiyo mashine ama mimi."

"Mama Nekesa, si ni feni tu? Nikipata pesa nitabadilisha vipande."

"Hutabadilisha kitu. Wewe ukiachiwa utanunua taa za kuipamba. Nitachagua mimi."

Hapo ndipo nilipojichimbia shimo, na nikalichimba kwa bidii. Nilimaliza kidato cha nne, kompyuta sikusomea mahali, lakini mimi nikikasirika naelewa vitu haraka sana. Nilisoma kwa simu mpaka macho yakauma. Nikajua kwamba feni kubwa inayozunguka polepole inatoa hewa ile ile ambayo feni ndogo inaitoa ikipiga mayowe. Kwamba diski ya zamani ina sahani ndani inayozunguka na kukwaruza, na ya kisasa haina chochote kinachozunguka. Kwamba kasha likizibwa kwa mbele feni zinakimbia kama zinafukuzwa na askari. Na kwamba kama mfuko ni mdogo, sehemu kubwa ya pesa iende kwa kadi ya picha, ile inayochora gemu yenyewe, na hata hiyo utafute ya mitumba, mradi uione ikifanya kazi kwanza. Zamu yangu ya kupokea pesa za chama ilikuwa imefika. Nikamfunga Nekesa mgongoni, nikaenda dukani.

"Madam, chukua hizi feni za taa," muuzaji akaniambia. "Watu wa gemu wanazipenda."

"Taa zinapunguza kelele?"

"Hapana, lakini usiku zinapendeza."

"Usiku mimi hulala. Washa hiyo pawa saplai nisikie."

"Lakini si ni mpya?"

"Washa."

Akawasha, nikatega sikio mpaka likagusa chuma. Kimya. Nekesa mgongoni akaanza kulia, nikadhani ni njaa.

Wafula aliunganisha kila kitu akiwa amepiga magoti sakafuni kama mtu anayepokea mtoto, na alipobonyeza kitufe nikamwuliza, "Imewaka?" akasema, "Imewaka," nikasema, "Mbona sisikii?" akasema, "Si ndiyo ulitaka?" na tukacheka, tukakumbatiana, jambo ambalo hatukuwa tumefanya kwa siku nyingi. Zile feni na pawa saplai ya zamani tukapeleka Bungoma, kanisani kwa mama mkwe, kwa sababu kompyuta yao ya kuonyesha maneno ya nyimbo ukutani ilikuwa imekufa. Wazo lilikuwa langu. Nilitaka mama mkwe anione.

Mjue mimi ni wa familia ya Kikuyu iliyolima huku Kitale tangu enzi za babu yangu, na yeye alikuwa amejitayarishia mkamwana Mbukusu mwenzake kutoka Bokoli, ambaye ukoo wake anaujua mpaka jikoni. Hakuwahi kunitukana. Alikuwa tu haongei na mimi moja kwa moja, anapitia kwa mtoto. "Nekesa, mama yako amekupatia uji?" Nekesa hajaota hata jino, nami nimesimama hapo hapo na sufuria mkononi.

Basi, tangu kompyuta mpya iwashwe, Nekesa aliacha kulala. Anasinzia kidogo, anashtuka, anapiga kelele mpaka anakosa pumzi. Kliniki wakasema ni mzima. Jirani mmoja akasema ni meno, mwingine maziwa yangu, wa tatu akasema kuna mtu mwenye jicho baya kwenye ploti yetu na akatazama mlango wa yule wa pili. Niliacha kula maharagwe, niliacha kula kabeji, karibu niache kula kabisa. Nilimfokea Wafula kwa sababu anapumua. Yeye maskini akazima gemu, akawa anatembea na soksi ndani ya nyumba, na ukimya ukazidi, na mtoto akazidi kulia. Nikaanza kuamini kwamba kuna kitu nimekosea kama mama, na kwamba mtoto anakijua ila hana maneno ya kuniambia.

Mama mkwe akapiga simu kwa mwanawe. "Reteni huyo mtoto Jumapiri aombewe." (Kwake L na R ni mtu mmoja na pacha wake.)

Tukaenda. Nikakaa benchi ya mwisho, karibu na mlango, ili nikimbie haraka. Nekesa alilia maombi yote ya kufungua ibada, watu wakageuka, wakanihurumia, na hakuna kitu kinaniudhi kama kuhurumiwa. Ndipo mzee anayeonyesha maneno ya nyimbo akawasha ile kompyuta yao, iliyofufuliwa kwa vipande vyetu, juu ya meza kando ya mimbari.

Ikanguruma. Ile ile! Nikataka kucheka, kwamba tumewapelekea watu wa Mungu mashine ya kusaga, na kabla sijacheka Nekesa akakatiza kilio katikati, kichwa kikaanguka begani pangu, akalala. Kwaya ikasimama kuimba, ikaifunika ile sauti, akaamka. Kwaya ikakaa, akalala. Jamani.

Akili yangu, ambayo haikuwa imepata usingizi kwa siku nyingi, ikapiga hesabu moja tu: nikiwa karibu na hiyo feni, hakuna kwaya itakayoishinda. Nikainuka kwa kunyata, nikasogea mabenchi kadhaa mbele. Mtoto akatulia kidogo. Mchungaji alikuwa anasema mambo fulani, sikuwa nasikiliza, mimi nasikiliza feni. Kumbe alikuwa amemaliza mahubiri na anaita wale wanaotaka kuokoka.

"Kuna dada mmoja hapa," akasema, kwa sauti ya upole. "Namwona. Moyo wake unashindana. Dada, usiogope, sogea."

Kwaya ikaanza polepole, Nekesa akatikisika, nikasogea tena.

"Haleluya! Amesogea!"

Nikasikia makofi, nikajua kuna mtu ameokoka, nikafurahi kwa niaba yake. Nikafika hadi mezani. Sasa feni za hiyo kompyuta zinatolea sauti kwa nyuma, chini chini, kwa hivyo ili mtoto apate ile sauti vizuri nikafanya nini? Nikapiga magoti.

Kanisa lililipuka. Vigelegele, matari, viti vinaanguka. Nikahisi mkono mzito kichwani pangu, na nilipoinua macho ulikuwa wa mchungaji, na kando yangu, amepiga magoti kwenye simiti, mama mkwe, machozi yanamtiririka mpaka shingoni, ananishika mkono na kusema, "Asante Yesu, amekuja, mtoto wa watu amekuja." Kule nyuma Wafula amesimama na mfuko wa nepi, mdomo wazi.

Mchungaji akaniwekea maikrofoni mkononi. "Dada, waambie ndugu zako ni nini kimekuvuta mbele."

Ningeweza kudanganya. Mtu mwenye akili angedanganya. Lakini sikuwa nimelala.

"Ni feni," nikasema.

"Ni nini?"

"Feni, mchungaji. Ya hii kompyuta. Ilikuwa yetu. Mtoto halali bila hiyo. Naomba mturudishie."

Yenyewe ikaendelea kunguruma. Kisha mzee mmoja wa benchi ya mbele akasema, "Si muwape basi, nyimbo sisi tunazijua kwa kichwa!" na watu wakacheka, wakacheka, mchungaji mwenyewe akashikilia mimbari.

Mama mkwe peke yake hakucheka. Nikamtazama, bado kapiga magoti, machozi hayajakauka, nikajua nimemwaibisha mbele ya watu wa kanisa lake. Nikamnong'oneza, "Mama, nisamehe. Mimi sijui kulea. Nimechoka." Maikrofoni ilikuwa bado mkononi mwangu. Kicheko kikakatika.

Mama mkwe akaichukua, akaiweka chini. Akaniangalia mimi, si mtoto.

"Huyu bwana yako," akasema, "akiwa mdogo kama huyu, hakurara bira sauti ya cherehani. Nirikanyaga cherehani bira nguo ndani yake, mpaka mguu ikafura. Nani arikwambia kurea kunajurikana?"

Akafungua leso yake kiunoni, akaitandika kando ya meza, akamlaza Nekesa. Kisha akanibonyeza bega. "Na wewe rara."

Nikalala. Mbele ya kanisa zima, sakafuni, ibada ikiendelea. Nasikia wakati wa sadaka walinizunguka na vikapu. Wafula anaapa nilikoroma.

Feni hatukupewa, mchungaji alisema zawadi ikishaombewa hairudi. Lakini nilipokuwa nimelala Wafula alitambaa chini ya meza na simu yake akairekodi, na siku hizi ile kompyuta niliyoichagua kwa sikio langu, ambayo ukiweka mkono juu yake ndipo utajua imewaka, kazi yake kila alasiri ni kucheza kwa spika kelele za ile niliyoifukuza. Nekesa analala fofofo. Nami nimeapa: kanisani nikikaa benchi moja nimekaa, hata paa livuje juu yangu, sisogei tena mpaka baraka ya mwisho.

Juzi Wafula amevaa hedifoni, anaisikiliza ile rekodi. Ukitega sikio, nyuma ya feni kuna mama mkwe, karibu sana na simu, anaimba chini chini kwa Kibukusu, anakohoa, anasema, "Rara, mama, rara."

"Naweza kuisafisha hii," akaniambia. "Nitoe sauti ya Mama, ibaki feni peke yake."

"Jaribu," nikamwambia. "Jaribu tu uone utalala wapi."