Mpiga deki aliyeuliza kwa nini viti vya wananchi viko tupu

Saa kumi na mbili kasoro robo asubuhi, taa za ukumbi wa baraza la mji zinawashwa moja baada ya nyingine. Mwanamke aliyevaa koti la buluu anakamua tambara, anakunja goti moja na kuanza kusugua chini ya meza ya mwenyekiti.

Wafanyakazi wenzake wanamwita Mama Deki. Ana miaka arobaini na saba, watoto watatu na mume fundi viatu. Kazi hii ameifanya kwa miaka kumi na mmoja.

Nyuma ya ukumbi, baada ya kamba nyekundu, kuna viti arobaini vya wananchi. Kwa miaka yote hiyo, anasema, alivifuta vumbi bila kumwona mtu akivikalia.

"Nilidhani ni vya mapambo," anasema na kucheka.

Kicheko kilikatika mwaka jana. Jumatano moja madiwani walipitisha uamuzi wa kuwahamisha wauza mboga wa kando ya barabara. Jioni, mdogo wake wa kike, anayeuza nyanya hapohapo, alikuja nyumbani kwake macho yamemwiva.

"Dada, wewe ulikuwemo humo ndani! Mbona hukuniambia?"

"Nilikuwa napiga deki koridoni, mdogo wangu. Nitajuaje wanayoyasema?"

Usingizi ulimpaa. Kesho yake alimfuata karani wa baraza na kumuuliza kama wananchi wamekatazwa kuingia.

"Hawajakatazwa," karani akamjibu. "Ni wao tu hawaji."

"Watakujaje Jumatano saa tatu asubuhi, na wote wako vibaruani?"

Karani akashusha kitabu cha kanuni kutoka kabatini. Humo ilikuwa imeandikwa kwamba mkazi yeyote mwenye saini mia mbili anaweza kupeleka pendekezo mbele ya baraza. Kurasa hizo zilikuwa bado zimegandana. Ilibidi azitenganishe kwa rula.

Pendekezo la Mama Deki lilikuwa la mistari minne: kikao kimoja kila mwezi kifanyike Jumamosi saa nane mchana.

Kila alipotoka kazini alizunguka na karatasi zake. Kinyozi wa mtaani alitia saini huku akimtania: "Shemeji, ukifukuzwa kazi usije kunikopa!" Utani huo nusura uwe kweli. Msimamizi wake alimwita pembeni.

"Wewe umeajiriwa kufagia ukumbi, si kuujaza watu."

"Niliwawazia watoto," anakumbuka. "Lakini nilikuwa nimeshafikisha saini mia na hamsini. Ningewaambia nini wale watu?"

Alikusanya mia mbili arobaini na moja. Siku ya kikao alipewa dakika tatu, akasimama na koti lake la kazi. Diwani mmoja akamuuliza, "Mama, una hakika watakuja? Jumamosi watu wana harusi, wana nguo za kufua."

Ukumbi ukaangua kicheko. Mama Deki akangoja kitulie.

"Sina hakika, mheshimiwa. Ndiyo maana naomba tujaribu, tujue."

Madiwani kumi na watatu waliunga mkono, kumi na wawili wakakataa. Jaribio ni la miezi sita.

Jumamosi ya kwanza walikuja watu hamsini na wawili, wengine wakasimama ukutani. Mdogo wake alizungumza. Uamuzi wa kuwahamisha haukufutwa, ila wauza mboga walipewa eneo jirani na kituo cha mabasi badala ya kutupwa nje ya mji.

Jumamosi ya pili walikuja kumi na saba tu.

Wapo waliosema, si tuliwaambia? Mama Deki hakubishana nao. Alikwenda mlango kwa mlango akiuliza. Wengi hawakujua kulikuwa na kikao: tangazo lilibandikwa ubaoni, ndani ya geti la baraza, ambako mlinzi haruhusu mtu apite bila shughuli.

Sasa Jumamosi anafanya kazi na mapumziko yake yamehamia Jumatatu. Halalamiki sana. Jumatatu hizo anazitumia kukusanya saini za pendekezo la pili: matangazo ya vikao yabandikwe sokoni, kwa vinyozi na kwenye mabomba ya maji, siku saba kabla. Amefikisha themanini na nane. Anataka zitimie kabla ya mwezi ujao, madiwani watakapopiga kura kuamua kama vikao vya Jumamosi vitaendelea.

Lakini safari hii hatasimama yeye.

"Mimi nimeshasema yangu," anasema akibeba ndoo. "Atasoma mdogo wangu. Anafanya mazoezi palepale kwenye nyanya zake. Jana mteja alimngoja mpaka amalize ukurasa, kisha akamwomba na yeye atie saini."