Kalamu Iliyotikisika Siku ya Mvua

Sijawahi kuliheshimu neno "inasemekana". Ndiyo maana, katikati ya miaka ya sabini, nilipokuwa nikiandaa tasnifu yangu ya udaktari kuhusu chembe zinazorushwa na jua, nilijenga kituo changu karibu na Songwa kwa mikono yangu mwenyewe, nisije nikamtegemea mtu kunieleza kilichotokea.

Kituo kilikuwa kibanda kimoja na ua wa minyaa. Ndani ya ua nilifukia kipimo cha sumaku. Jua likilipuka, chembe zake huifikia dunia na kuitikisa sumaku yake. Mtikisiko huo ulichorwa na kalamu kibandani, juu ya karatasi iliyojizungusha polepole. Kwa kuwa chuma huvuruga kipimo, niliwakataza wanakijiji kuukaribia ua wakiwa na jembe, baiskeli au ng'ombe mwenye kengele. Kibanda chenyewe hakikuwa na msumari hata mmoja.

"Unasomea nini hasa, mwalimu?" aliniuliza mwenyekiti wa kijiji siku ya kwanza.

"Udaktari. Nachunguza jua."

"Kwani linaumwa?"

Nilihitaji kumbukumbu za mwaka mzima, na ndani yake dhoruba moja kubwa ya sumaku ya kujaribia hesabu zangu. Mwezi wa Novemba niliipata. Nilikuwa nimekwenda Shinyanga mjini kununua betri. Niliporudi nikakuta kalamu imechora milima na mabonde kwa saa nzima. Hesabu zangu ziliafikiana na michoro hiyo kwa namna ya kuridhisha mno. Nikaandika sura nzima bila kungoja barua za vituo vya nchi nyingine za kuithibitisha.

Kisha mvua ikakata. Ilikuwa imenyesha siku moja tu, ile niliyokwenda mjini. Pamba iliyochipua ikakauka, nami nikaitwa mkutanoni. Shtaka lilikuwa kwamba naliita jua kwa kalamu. Tena sikutaka majembe yafike kwangu, na mtu anayechukia jembe hawezi kuitakia nchi mvua. Nifungashe niondoke, na miezi miwili ya vipimo ilikuwa bado imesalia.

"Ushahidi uko wapi?" nikauliza.

"Inasemekana..." akaanza katibu wa kijiji.

"Na nani? Asimame."

Akasimama mama mmoja mjane, mwenye jozi ya maksai. Nikamwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Mimi sisemi ya kusikia, nimeona. Siku ile ya mvua nilitoka kulima, nikapita kwako kuomba maji. Nikapiga hodi, kimya. Nikachungulia dirishani, nikaona kalamu inaruka peke yake kama mtoto mwenye degedege. Nikasimama pale pale nikiitazama hadi nikachoka. Kesho yake, jua hili."

Alitaja siku, mahali na alichokiona; wanafunzi wengi wa vyuo hawatoi ushahidi safi namna hiyo.

"Maksai uliwaacha wapi, mama?"

"Kwenye minyaa yako. Nzi waliwasumbua, wakawa wanazunguka tu."

"Na plau?"

"Ilikuwa imefungwa kwao. Ulitaka niibebe kichwani?"

Mkutano ukaangua kicheko. Mimi nilikuwa nikiiona ile plau ya chuma, na mnyororo wake, ikiburutwa huku na huku kando ya kipimo changu kwa saa nzima. Jua halikuwa limerusha chochote. Hesabu nilizozihangaikia kwa miaka mitatu zilikuwa zimeeleza, kwa usahihi wa kuridhisha, mwenendo wa ng'ombe wawili wenye nzi.

Ningeweza kunyamaza. Ningefukuzwa, lakini ningeondoka na dhoruba yangu, na chuoni hakuna aliyejua Songwa iko wapi, sembuse nzi wake. Wazo hilo bado linanitia aibu. Kisha nikasema kwamba kalamu ilitikiswa na plau.

"Kumbe plau ndiyo iliyoleta jua!" akadakia mzee mmoja. Macho yakamgeukia mjane.

"Plau haileti jua," nikasema kwa sauti ambayo sikuikusudia. "Hutikisa kalamu, na kalamu haileti kitu. Twendeni na plau mkaone."

"Isitikiswe tena!" wakapiga kelele nusu ya mkutano.

Ikabishaniwa hadi alasiri. Hatimaye katibu aliandika, akapiga muhuri: jua halina hatia, mama hana hatia, mtafiti abaki, na kuanzia sasa awe na mtungi wa maji nje ya ua.

Miezi miwili iliyosalia haikuleta dhoruba yoyote. Niliifuta ile sura, mahali pake nikaandika nyingine, fupi, kuhusu makosa ya vipimo, na nikaambatisha muhtasari wa mkutano pamoja na tafsiri yake. Msimamizi wangu aliandika pembeni akitaka kujua elimu ya shahidi. Nikamjibu kwamba sikumuuliza, ila siku ile yeye alikuwapo, nami sikuwapo.