Siku nilipoandamana Mei Mosi bila ajira

Jamani, hata leo nikisikia kipaza sauti kinakwaruza, masikio yananiwaka moto, na mke wangu Sabina ananitazama anaanza kucheka, kwa hiyo acheni niwasimulie mwenyewe kabla hajanimaliza yeye.

Miaka ile ya tisini watu Mwanza wanapunguzwa kazini kila kukicha, mimi nikawa najitolea kwenye shirika dogo pale Igogo, tunazunguka majumbani kuwaogesha na kuwalisha wagonjwa ambao ndugu zao wamechoka au wameogopa. Malipo yangu yalikuwa chai na maandazi (maandazi yenyewe siku mkurugenzi akiamka vizuri). Shida ni baba yake Sabina, mzee aliyepunguzwa kwenye kinu cha pamba, alikuwa ameshatamka kwamba binti yake haolewi na mtu asiye na ajira.

Basi Mei Mosi ikafika, dereva wetu akashikwa na malaria, mkurugenzi akaniomba nibebe bango kwenye maandamano badala yake, tena nivae shati la dereva lenye nembo ya shirika. Nikaona kubeba bango kuna nini! Nikaingia uwanjani nimetoa kifua, na nani namwona jukwaani? Baba mkwe mtarajiwa, kavuka na kivuko kutoka Busisi, kavaa koti, ananipungia kofia akidhani nimepata kazi!

Mara mshereheshaji anatangaza, "Mfanyakazi bora wa shirika la kuhudumia wagonjwa, apite mbele!" Bora huyo alikuwa dereva. Lakini wenzangu wakanisukuma nikampokelee, mzee kashasimama anapiga makofi, akina mama wa Igogo vigelegele, miguu ikaenda yenyewe. Mgeni rasmi kanyoosha mkono, mabati ya zawadi yale pale, ndipo mkurugenzi akaja mbio, akasimama karibu kabisa na kipaza sauti.

"Samahani mheshimiwa, siye huyu! Huyu si mwajiriwa, anajitolea tu. Hana mkataba, hana mshahara, hana likizo, hata akiumia kazini hana fidia!"

Uwanja mzima ulisikia (nadhani na Busisi walisikia). Nikashuka na bango limepinda, nikajificha nyuma ya gari la maji, machozi yananilenga, najua Sabina ndiyo basi tena. Mzee akanifuata huko huko.

"Shikamoo baba," nikasema nikitazama viatu vyake.

"Marahaba. Kwa hiyo hulipwi?"

"Silipwi, baba."

"Na kesho utakwenda kwa wagonjwa?"

"Nitakwenda. Kuna bibi mmoja, nisipomlisha mimi, hali kitu."

Akaninyooshea kola ya lile shati la dereva, taratibu.

"Mimi mkataba nilikuwa nao," akasema. "Walipotupunguza nikaugua, na aliyenilisha ni Sabina. Sasa namtafutia mtu ambaye akiugua yeye hatamkimbia. Lete wazee wako nyumbani. Ila ajira utafute!"

Nililia pale pale, sioni aibu kusema. Tangu siku hiyo sivai shati la mtu, wala sipiti mbele kabla sijauliza naitwa kama nani. Hata siku ya harusi, padri alipotuita altareni, nilimnong'oneza Sabina, "Hapa naajiriwa au najitolea?"

"Unajitolea," akanijibu bila kugeuka, "na likizo hakuna."