Niliwaambia wa shule ya biashara kwamba nilikuwa nipo tu nyumbani

Admin, nisitiri jina, na kijiji chetu usikitaje, maana huku kati ya Kilwa na Lindi tunajuana hata kwa kikohozi. Mimi ni mwanamke wa miaka 34, sina mume wala mtoto. Nina digrii moja na faili lenye vyeti sita vya kozi fupi. Faili hilo ndilo limeniharibia maisha, na nililijaza kwa mikono yangu mwenyewe.

Nilipomaliza chuo sikupata ajira, nikarudi kwa mama. Mama na wenzake walikuwa wananunua dagaa pwani, wanaanika, kila mtu anauza kivyake. Nikawakusanya, tukawa wanawake kumi na wanne. Nilipanga zamu za kwenye chanja za kuanikia, nikambembeleza dereva wa fuso atupelekee mzigo Milola kila wiki, wakulima wa kule wanunue. Mwaka mmoja mvua ilitushtukiza dagaa wako nje, nikaamua tuwatie chumvi wote siku ileile. Watu walinung'unika sana, lakini hatukutupa hata ungo mmoja. Tangu siku hiyo wakawa wananiita Mwenyekiti. Hata mama yangu mzazi akinituma maji alikuwa anasema, "Mwenyekiti, niletee maji."

Hapo ndipo nikaanza kutamani shule ya biashara, shahada ya pili, kule Dar. Nilitaka nirudi najua kufungasha dagaa wetu vizuri na kuwafikisha mbali kuliko Milola. Kuna ufadhili unaolipia kila kitu, ila ukishatimiza miaka 35 hawakupokei. Nikamuuliza binamu yangu anayeishi Dar, akaniambia, "Dada, wale wanaangalia CV, na yako nyeupe pee. Piga kozi, jaza faili, watakuogopa."

Basi nikapiga kozi. Kompyuta, huduma kwa wateja, ununuzi na ugavi, usimamizi wa miradi, forodha, uongozi. Msiniulize forodha ilikuwa ya nini, nafasi zilikuwepo na cheti chake kina muhuri mzuri. Nikawa najiambia haba na haba hujaza kibaba. Tatu za mwisho zilinikalisha Dar karibu mwaka mzima. Huku nyuma yule dereva, ambaye alikuwa anaelewana na mimi tu, akaacha kuja. Chanja zikaoza kwa mvua, akina mama wakarudi kila mtu na ungo wake. Mama alinipigia, "Mwenyekiti, unarudi lini? Watu wanatawanyika huku." Nikamjibu, "Mama, vumilia, nimebakiza kozi ya uongozi." Nikikumbuka jibu hilo masikio yanawaka moto kwa aibu.

Nikarudi, nikatuma maombi, nikaitwa kwenye usaili kwa simu. Ilikuwa asubuhi, nimekaa barazani penye mtandao. Mama na Bi Zaituni, jirani yetu ambaye naye alikuwa kwenye kikundi, walikuwa pembeni wanachambua dagaa. Niliweka sauti kubwa ili nisikie vizuri. Mama wa chuo aliyekuwa ananisaili aliuliza kwa upole tu, "Naona kozi nyingi. Kabla ya hizi ulikuwa unafanya kazi gani?"

Ndugu zangu, huku kwetu kazi ni ile yenye barua ya ajira. Mtu anaamka alfajiri anaanika dagaa mpaka mgongo unapinda, ukimuuliza anakujibu sina kazi, nipo tu. Na mimi bila kufikiri nikajibu, "Sikuwa na kazi, nilikuwa nipo tu nyumbani." Akauliza tena, "Hujawahi kuongoza watu popote?" Nikasema, "Nimesomea uongozi, cheti nimeambatanisha."

Nilipokata simu, mikono ya mama ilikuwa imesimama kwenye ungo. Akasema polepole, "Kwa hiyo mwanangu, miaka ile yote tulikuwa tumekaa tu?" Bi Zaituni aliweka ungo wake chini. Alijitanda kanga yake akaondoka, na kabla ya adhuhuri kijiji kizima kilikuwa na habari.

Majibu yalikuja baada ya wiki chache. Waliandika kwamba nina mafunzo mengi lakini hawaoni mahali nilipoyatumia. Niliomba shule ya biashara, nikawaficha biashara niliyoifanya.

Imebaki awamu moja kabla sijatimiza 35. Safari hii nataka kuandika ukweli wote, lakini fomu inataka barua ya mtu niliyewahi kumwongoza, na ndugu wa damu hawaruhusiwi. Nikaenda kwa Bi Zaituni. Nikamwambia, "Shikamoo, bibi." Akaitikia, "Marahaba, msomi." Nikamweleza shida yangu, nikamwomba na msamaha huku nalia. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Msamaha nimekupa, mwanangu. Hiyo barua sasa, niseme ulituongoza kufanya nini? Si tulikuwa tupo tu?" Nimezunguka kwa wengine waliobaki kijijini, na kila mlango nimejibiwa maneno hayohayo. Ni maneno yangu, siwezi hata kuwakasirikia.

Binamu naye jana kanitumia kozi nyingine, ya kujifunza kuandika maombi ya chuo. Cheti kinatoka ndani ya mwezi.

Najua mtaniandikia majuto ni mjukuu. Ameshakuja, naishi naye. Ufadhili wenyewe kusema kweli sina tumaini nao tena. Kinachoniua ni kwamba mama hajanigombeza hata siku moja, ananipikia, ananiombea dua, ila tangu asubuhi ile akitaka maji ananiita kwa jina langu. Wenye hekima nishaurini, nifanye nini mama aniite tena Mwenyekiti?