Ukuta Walioulamba Ng'ombe

Chokaa ya nyumba mpya ya mume wangu ilianza kubambuka mvua za kwanza baada ya harusi yetu, na ikaanzia chumbani kwangu, ndani na nje. Nilifagia magamba ya lipu asubuhi, kesho yake yamejaa tena, na tofali lililobaki wazi linatoa unga mweupe.

Mama mkwe, mzaliwa wa pwani aliyeiona Shinyanga yote kuwa pori tu, hakuhitaji mganga. "Nyumba ilikuwa nzima mpaka alipoingia huyu," aliwaambia majirani nami nasikia. "Hapa pana mkono wa mtu."

Nilicheka. Kwetu Samuye mke haachwi kwa sababu ya ukuta. Kumbe! Mume wangu akampelekea baba ujumbe aje anichukue, na ng'ombe wa mahari awarudishe. Talaka ningeivumilia, lakini talaka ya uchawi? Katika nchi ile, nani tena angekula chakula nilichopika?

Baba alifika na ng'ombe asubuhi, hata kunitazama hawezi.

"Mwangaluka, mayu," alimwamkia mama mkwe kwa Kisukuma, salamu ya asubuhi.

Mume wangu alipoanza kuwahesabu ng'ombe, jike mmoja mwekundu alijitenga, akaenda moja kwa moja kwenye ukuta wa chumba changu, akaanza kuulamba. Wenzake wakamfuata. Lipu ikawa inaanguka vipande vipande, nao hawaachi.

Baba akaokota gamba, akaligusa kwa ulimi, akatema.

"Mama, udongo wa matofali haya mlichimba wapi?"

"Hapahapa uani. Palikuwa na zizi zamani, udongo wake laini..."

Mikojo ya ng'ombe ya miaka na miaka ilikuwa ndani ya matofali yale. Mvua iliitoa chumvi nje, chumvi ikaibandua chokaa. Mchungaji yeyote angewaambia, wangeuliza.

"Ingia ndani, mwanangu," mama mkwe akasema. Hakuwahi kuniita hivyo.

Nikamtazama mume wangu. Ndiye aliyesimamia kuchimba udongo ule na kufyatua matofali. Zizi alilijua. Mimi naitwa mchawi nyumbani mwake, naye hakulitaja hata mara moja! Ng'ombe walinishangaza, yeye alinitisha.

Nikakaza kanga yangu, nikachukua fimbo mkononi mwa baba, nikawaondoa ng'ombe ukutani, nikawaswaga kuelekea kwetu. Waliondoka shingo upande. Mimi sikugeuka nyuma.