Nilimsingizia Jirani Kifo cha Mbwa wa Baba

Kosa ni langu. Nalisema mapema ili usifike katikati ukaanza kunitafutia visingizio. Wapo walionitafutia, na wote niliwachukia.

Na wewe unayetaka kucheka kwamba mtu mzima anajiliza kwa ajili ya mbwa, ishia hapa hapa. Wenzako wamenicheka sana hapa Kasulu na sijafa.

Mimi ni fundi cherehani. Mwaka 2013 nilikuwa nashonea kwenye kibaraza cha duka la vitambaa mjini. Mwenye duka ni Baba Zaina, Mwislamu aliyehamia huku kutoka Tanga zamani, mimi bado binti mdogo. Kibaraza alinipa bure. Mteja akinunua kitenge kwake, ananionyesha mimi: "Fundi yule pale." Nilikuwa nimepanga chumba uani kwake, nyuma ya duka. Miaka sita hatukuwahi kutupiana neno baya. Sita!

Baba yangu anaishi kijijini Kitanga, ni mrina asali. Tangu mama afariki, aliyekuwa anashinda naye ni mbwa wake, Watasema. Jina hilo alimpa makusudi, kwa sababu watu walimsema eti mzee mzima anaongea na mbwa. Ni kweli alikuwa anaongea naye. Tena Kiha, kwa upole, kama mtu na mdogo wake. Wakienda kwenye mizinga pamoja, wakirudi pamoja.

Mwaka huo baba akashikwa na ngiri, ikabidi apasuliwe. Kaka yangu ni mwalimu Kibondo, akasema mzee apasuliwe huko huko ili amuuguze. Mbwa akaletwa kwangu. Alikuja tayari ana uvimbe chini ya taya.

Kabla hajapanda gari baba aliniambia, "Huyu anaumwa, na mimi naumwa. Niangalizie. Nikirudi tutajua la kufanya."

Nikamjibu, "Sawa, data." Data ndiyo baba kwetu Waha.

Foleni ya upasuaji ilikuwa ndefu; wiki ya tatu baba ndiyo kwanza ametoka kwenye kisu, uvimbe wa mbwa ukapasuka. Jamani! Ile harufu sitaki kuieleza. Uji nilikuwa nammiminia kidogo kidogo, unarudi na damu. Nzi hawamwachi. Wateja wakifika kibarazani wanaziba pua, wanaondoka na vitambaa vyao. Mke wa Baba Zaina akaniletea majivu nimwage pale anapolala. Baba Zaina mwenyewe hakulalamika hata siku moja. Nataka hilo ulikumbuke, maana mimi nililisahau.

Nilichoka. Watu nimewaambia nilimhurumia mbwa. Uongo! Nilijihurumia mwenyewe.

Jumatatu baba akapiga simu. "Naruhusiwa Alhamisi. Watasema anakula?"

"Kidogo."

"Mwambie nakuja."

Nikakata simu. Mbwa alikuwa miguuni pangu, kalaza kichwa juu ya kandambili zangu. Sikumwambia kitu.

Jumanne asubuhi nikamwita bwana mifugo. Akamfungua mdomo, akamulika na tochi, akatikisa kichwa. "Hii ni saratani, imeshafika kooni. Huyu haponi. Naweza kumchoma sindano akalala moja kwa moja, asiteseke. Ni mbwa wako?"

"Wa baba."

"Yuko wapi?"

"Kibondo, hospitali. Anarudi Alhamisi."

"Basi nimpe dawa ya maumivu tumsubiri mzee. Siku mbili anaweza akazifikisha."

Hapo ndipo nilipokosea. Nilimtazama yule mtu machoni nikamwambia, "Baba ameshakubali. Tumeongea jana kwenye simu."

Akaniamini. Kwa nini asiniamini? Binti wa mzee ndiye anasema.

Akatoa sindano. "Njoo umshike kichwa, atulie. Wewe amekuzoea." Nikachuchumaa, nikamshika. Watasema akanilamba mkono. Kwa lile taya lililooza, akajikakamua akanilamba! Nikamwachia kichwa kikadondoka chini, nikakimbia.

Nilikimbilia kibarazani, nikakaa kwenye cherehani, nikaanza kukanyaga. Kitambaa hakuna. Nakanyaga tu, sindano inapanda inashuka kwenye chuma kitupu, ili nisisikie kitu kutoka uani.

Baadaye Baba Zaina akatokea, kakunja mikono ya kanzu mpaka kwenye viwiko, mikono inachuruzika maji. Akaniambia, "Tayari. Pole, mwanangu." Sikuuliza mikono imemlowa kwa nini. Sikutaka kujua.

Alhamisi baba akashuka kwenye gari, anatembea amejishika tumbo. Hata maji hajanywa. "Watasema yuko wapi?"

"Amekufa, data."

Akakaa kwenye ngazi ya chumba changu. Kisha akaniuliza, "Amekufa mwenyewe?"

Ningesema ndiyo, ningekuwa mwongo wa kawaida. Ningesema ukweli, ningekuwa mtu. Lakini alikuwa ananichungulia usoni na nikaona anaelekea kujua, nikaogopa kama mtoto aliyevunja chungu.

"Nahisi kuna mtu alimlisha kitu," nikasema.

"Nani?"

Sikutaja jina. Niligeuza macho tu nikaangalia mlango wa nyuma wa duka. Nakwambia sikufungua hata mdomo! Nilimuuza mtu kwa kuangalia mlango.

Baba akanyanyuka. Mzee wa watu, ana nyuzi mbichi tumboni, akaingia dukani kwa mlango ule. Ningeweza kumvuta shati. Nilimfuata kimya kimya.

Dukani kulikuwa na wanawake kama watano wanachagua vitenge. Baba akaanza kupiga kelele. "Wewe! Umemuua mbwa wangu! Kwa sababu kwenu ni najisi, ndiyo umwekee sumu? Nimekukosea nini? Mwanangu anakuheshimu kama mzazi, kumbe unaishi na roho ya namna hiyo!" Akasema na mengine, ya dini ya watu, siwezi kuyaandika.

Baba Zaina akaweka chini ile fimbo ya kupimia. Hakumtazama baba. Alinitazama mimi, nimesimama nyuma. Alinisubiri niseme. Alinipa nafasi, na wale wanawake wote wakageuka kunitazama. Mimi nikaangalia sakafu.

Basi akasema mwenyewe, taratibu. "Mzee, pole kwa kuumwa, na pole kwa mbwa wako. Mbwa amechomwa sindano na bwana mifugo siku ya Jumanne. Binti yako alimwambia umeruhusu. Yeye alipokimbia, mimi ndiye niliyemshika kichwa mpaka roho ikatoka. Nimemfukia mwenyewe. Nimenawa mara saba, moja kwa udongo, kama dini yangu inavyonitaka. Twende nikakuonyeshe alipo."

Baba akageuka. "Nilikuruhusu?"

"Hapana."

"Sema wakusikie."

"Hukuniruhusu, data."

Hakunipiga. Heri angenipiga! Wazee wawili wakatoka kwenda nyuma kwenye migomba, Baba Zaina kamshika baba kiwiko asijikwae. Sikuthubutu kuwafuata.

Jioni ile ile baba akatafuta gari la Kitanga. Kaka akanipigia simu kutoka Kibondo akanitukana mpaka salio likamwishia. Asubuhi Baba Zaina akaja kibarazani.

"Cherehani yako itoe, na chumba nakihitaji."

Nikaanza kulia. "Baba Zaina, nisamehe, shetani alinipitia..."

"Usimtaje shetani. Ulikuwa umesimama pale. Uliona mgonjwa anakuja kunitukana kwa jambo ulilolijua, ukanyamaza. Kesho utanisingizia nini?"

Nikaitoa cherehani. Mkewe mpaka leo nikimwamkia anapita kama amepita mti. Mjini nikapewa jina, Mama Sumu. Sasa hivi nashonea karibu na stendi chini ya turubai, mvua ikinyesha nabeba cherehani kichwani.

Halafu kuna wafariji! Hao ndio wanaonipandisha hasira kuliko wanaonicheka. Kanisani mmoja akanishika bega: "Dada, achilia, alikuwa mbwa tu, tena wa kufa." Nilimwondoa mkono. Kama alikuwa mbwa tu, mbona nilimdanganya bwana mifugo? Mbona nilikimbia? Mtu hakimbii kitu ambacho ni 'tu'.

Bwana mifugo nilikutana naye mwaka jana. Nikamuuliza, "Angefika Alhamisi yule?" Akanijibu bila kusimama, "Pengine angefika, pengine asingefika. Hukutaka tujue."

Mwaka huu, 2015, nikajikaza nikaenda Kitanga. Nilimkuta baba anasuka mzinga mpya. Akanipa kigoda, akanipa maji, kama mgeni. Nikapiga magoti, nikasema yote, hata ile ya kandambili na simu.

Aliendelea kusuka. Mwishoni akasema, "Watasema alikuwa anakufa. Nilimwona kabla sijaondoka, mimi si kipofu. Ungenipigia ukaniambia amezidiwa, ningekwambia mchome. Hilo nilishakusamehe siku ile ile, nikiwa bado kwenye gari la kurudi huku."

Nikainua kichwa. Nilidhani imekwisha.

"Lakini ulinifanya nimtukane mtu aliyemshika mbwa wangu wakati anakufa. Mimi, na umri huu, mbele ya wanawake! Nimeenda kwake mara tatu kuomba radhi. Ananikaribisha chai. Mimi kikombe nakirudisha kimejaa. Hilo bado, mwanangu. Usiniharakishe."

Sijamharakisha.

Sasa nisikilize, wewe unayeuguza mbwa au paka au ng'ombe aliyefika mwisho. Mlaze, kama ndiyo huruma iliyobaki. Sikukatazi, na sindano haikuwa dhambi yangu. Ila muulize mwenye mnyama kwanza, hata kama jibu unaliogopa. Kisha kaa hapo, umshike kichwa, akulambe mkono na kinywa chake kilichooza, mpaka roho itoke. Na ukiulizwa nani amemuua, jibu: mimi. Ni neno fupi, halimalizi pumzi. Usithubutu kugeuza macho ukaangalia mlango wa mtu!