Miguu ya Barabara ya Nyundo

Wanaume wakianza kubishana juu ya taa za gari, chai inapoa na mandazi yanabaki mapambo. Nayajua hayo kwa sababu nilikuwa nawauzia madereva chai pale Mbugangari, Gisenyi, miaka ya mwisho ya tisini, tulipokuwa tumerudi Rwanda kutoka Karagwe. Ubishi wao ulikuwa mmoja tu: hizi glopu za halojeni ambazo lori linatoka nazo kiwandani, zinatosha kuendeshea gizani au hazitoshi? Mmoja anaapa zinatosha, macho ya dereva ndiyo yamechoka. Mwingine anasema hizo ni za kumulikia choo. Mimi huwa sina subira na domo, ningewafukuza wote wakabishanie njiani. Lakini nilikuwa natega sikio, maana ubishi ule ulikuwa umeshaingia nyumbani kwangu na ulikuwa unanimalizia mume.

Mume wangu alikuwa na lori alilorudi nalo kutoka Tanzania, usukani upande wa kulia. Kila siku ya soko alipakia viazi na kabichi Mahoko na kuviteremsha Gisenyi, ili akina mama wavuke navyo kwenda Goma asubuhi mpaka ukifunguliwa. Sasa, kupakia Mahoko hakujui haraka. Gunia hili limepungua, lile limelowa, mwenye lile jingine kaenda kunywa. Mpaka anaondoka, jua limekwisha kuzama, na jua la milimani halina kwaheri. Kwa hiyo kipande cha Nyundo, katikati ya njia, alikuwa akikipita na taa, tena dimu tu, ule mwanga wa chini. Vita vya msituni vilikuwa havijapoa, barabarani kulikuwa na askari, na askari gani anataka kupigwa taa kali usoni? Ukiwasha full pale, huenda usifike nyumbani kusimulia.

Jioni moja aliingia, akaketi bila kunawa.

"Mama," akaniambia, "nimeona miguu."

"Miguu ya nani?"

"Ya watu. Ila watu wenyewe hawapo."

Nikamwuliza kama amekula. Akanieleza polepole, kama mtu anayeeleza njia. Ukifika Nyundo, ukingo wa kulia wa barabara, kuna miguu inatembea. Mingine peku, mingine ina kandambili, mingine ina matope mpaka kwenye goti. Juu ya magoti hakuna kitu, ni giza. Haisemi, haikimbii. Lori likikaribia, yote inatoweka kwa pamoja, na ukingo unabaki mtupu. Nilimwambia amechoka, aende akalale. Siku ya soko iliyofuata akarudi na maneno yaleyale, na iliyofuata tena, na hapo ndipo mimi mwenyewe nikaanza kuogopa.

Lazima niseme jambo moja ili mnielewe. Baba mkwe wangu alipokimbilia Karagwe zamani, dada yake alibaki Nyundo. Alikuwa na shamba lake na ng'ombe wake, akasema hakimbii. Huyo ndiye shangazi ambaye mume wangu alikuwa akisimuliwa tangu utotoni, na hakuwahi kumwona. Tuliporudi tulikuta ameuawa na watu wote wa nyumba yake, na hakuna aliyetuonyesha walipolala. Tuliuliza kwa majirani, wakatujibu kwa kuangalia chini. Mume wangu hakuwa na hata picha yake. Sura yake hakuijua, kwa hiyo miguu isiyo na sura ilimtosha.

"Wako kwao," aliniambia. "Wanatembea kwao. Mimi ndiye mgeni."

Sikutaka kusikia. Kati ya mume mwenye taa mbovu na mume mwenye kichwa kibovu, mimi nilichagua taa, nikazikumbatia. Nikamsukuma kwa mabingwa wangu wa chai. Wale wa upande wa "hazitoshi" wakafurahi sana, wakamtuma Goma akanunue glopu kali zaidi, zile ambazo zikiwaka unahisi joto usoni. Akazifunga. Nikamsubiri siku ile na roho mkononi. Aliporudi alikuwa amebadilika rangi.

"Zinatosha?" nikamwuliza.

"Zinatosha mno," akasema. "Sasa naona mpaka kucha."

Basi nikaishiwa. Miguu ilikuwa myeupe zaidi, wazi zaidi, na juu yake giza limekuwa zito kuliko kwanza. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na nchi nzima ile ilikuwa imeumwa, sasa nani angemcheka? Wenzake hawakumcheka hata kidogo. Kulikuwa na dereva mmoja wa Goma, mzee, mwenye lori la usukani wa kushoto, aliyezoea kukaa kona ileile kila asubuhi. Alimsikiliza hadi mwisho, akaweka kikombe chini.

"Sikia, ndugu yangu," akasema. "Ile haiko shida ya mwangaza. Ile ni mizimu. Donc, ukifika pale, usipunguze mwendo. Ukipunguza, itapanda nyuma, na utaileta mpaka kwako, kwenye watoto yako iko."

Madereva wengine wakaitikia kwa vichwa. Kumbe lilikuwa jambo linalojulikana kwao: mahali palipofia watu, gari halipunguzi. Mume wangu akalishika neno lile kama dawa ya hospitali. Kila akifika Nyundo alikuwa akikaza mikono, anakanyaga mafuta, anapita. Alikuwa akinong'ona, "Samahani, wazee wangu," na kupita.

Angekuwa anapita tu, ningevumilia. Lakini alianza kulala na koroboi inawaka. Akaacha kula na watoto. Siku moja akaniambia anataka kuuza lori turudi Karagwe, na mimi nilikuwa nimeshang'oa mizizi yangu yote Karagwe, sikuwa na pa kurudi. Nikamwuliza kwa ukali, mizimu gani hiyo inayomfukuza mtu na familia yake? Akanijibu jambo ambalo sikulitegemea.

"Hawanifukuzi. Nikipunguza watapanda, najua. Na siku nyingine, mama, nataka wapande."

Nililia usiku ule mpaka asubuhi, na sioni haya kusema hivyo. Nilikuwa nampoteza mume kwa watu ambao hata kaburi hawakuwa nalo.

Kilichotuokoa, nilivyodhani, ilikuwa posa ya binti wa jirani. Huku wanaposa kwa maneno mengi. Familia mbili zinakaa zikitazamana, ya binti upande huu, ya kijana upande ule, na kila upande una msemaji wake anayemtania mwenzake mpaka mbavu ziume. Maneno yalinoga, jua likazama, umeme ukakatika kama kawaida yake, na posa haijafika hata kwenye ng'ombe. Mwenye nyumba akamwomba mume wangu asogeze lori getini awashe taa, watu wamalize haraka warudi makwao kabla ya saa ambayo askari hawaruhusu mtu kutembea. Akawasha dimu ili asiwaumize wageni macho, akashuka, akaja kusimama karibu yangu na chupa ya soda.

Msemaji wa binti akasimama. Akakohoa, akawatazama wakwe watarajiwa.

"Sisi tuliambiwa inakuja familia kamili," akasema. "Hawa mbona wamekuja miguu peke yake? Binti yetu hatumtoi kwa watu wasio na vichwa."

Uwanja mzima ukacheka. Na mimi nilikuwa nimeanza kucheka, nikaona. Upande wa kushoto wa lori, familia ya binti, wote walikuwa na nyuso. Niliweza kuona hereni, meno, hata kasoro ya poda. Upande wa kulia, familia ya kijana, walikuwa viatu, soksi, suruali mpaka magotini, na juu yake giza. Kutoka kwenye giza lile msemaji wao akawa anajibu utani, sauti bila mtu. Chupa ya soda ilivunjika miguuni pangu. Mume wangu alikuwa ameshikilia bega langu kwa nguvu.

Yule mzee wa Goma alikuwa mmoja wa waalikwa. Mume wangu alimfuata kwenye kiti chake, akamwomba alete na lori lake, aliweke ubavuni mwa letu, kisha akalizima letu. Taa za Goma zikawaka, na familia ya kijana ikapata vichwa, na familia ya binti ikavipoteza. Wageni wakapiga makofi, wakidhani ni sehemu ya utani.

Jambo lenyewe ni dogo, hata aibu kulieleza. Tanzania tunaendesha kushoto, na watembea kwa miguu unaowapita kwa karibu wako ukingo wa kushoto. Taa za magari ya kule zimetengenezwa ziinue mwanga upande huo, na upande mwingine ziulaze chini, zisimpofue dereva anayekuja. Rwanda na Kongo ni kulia, kwa hiyo taa zao zinafanya kinyume. Sisi tuliorudi na magari yetu, pale Rusumo mpakani tulikumbuka kubadili upande wa barabara. Taa hatukuziambia. Wangapi walikuwa wakibishana kwangu kila asubuhi kama mwanga unatosha, na hakuna aliyeuliza unaelekea wapi? Ulitosha siku zote.

"Ni watu," mume wangu alikuwa akisema tulipokuwa tukirudi nyumbani. "Mama, ni watu tu. Wanatoka sokoni." Alicheka, halafu akalia, halafu akala ugali wa watoto uliobaki. Usiku ule alizima koroboi mwenyewe. Nilimsikia akikoroma na nikamshukuru Mungu kwa kila mkoromo.

Raha ile haikufika mchana wa pili. Nilimkuta ameketi juu ya ngazi ya lori.

"Kama ni watu," akasema, "basi ni watu ambao sikuwapunguzia mwendo."

Nikamwambia hajamgonga mtu, angejua. Akaniuliza angejuaje. Nikaenda kupepeta mchele usiohitaji kupepetwa.

Akavuka Goma, akanunua taa kamili, kioo na kila kitu, zilizong'olewa kwenye lori la usukani wa kushoto. Fundi akazifunga na kuzipima ukutani. Siku ya soko mume wangu akaniomba niende naye Mahoko. Hakusema kwa nini na sikumwuliza. Nilifunga banda la chai nikapanda.

Tulirudi giza likiwa limeingia, na ukungu mwepesi juu ya Nyundo. Alikuwa akienda mwendo wa mtu anayetembea. Tulipofika kwenye kipande chake, taa zikainuka upande wa kulia, nikawaona. Akina mama na makapu, mzee na baiskeli anayoikokota, wasichana wawili wamejitanda kitenge kimoja. Nyuso zao zilikuwa nyuso za kawaida za watu wenye njaa wanaorudi nyumbani. Mume wangu akavuta pumzi ndefu. Halafu, tulipowakaribia, wote wakageuka, wakautambua mngurumo wa lori letu, wakaruka ndani ya mfereji. Wote kwa pamoja, bila kelele, kama kazi waliyoizoea. Baiskeli ililala imepinduka ukingoni.

Akasimamisha lori, akashuka mbio, na mimi nyuma yake. Wengi walikuwa wameshapotea mashambani. Mwanamke mmoja alibaki mfereji umemfika kiunoni, mtoto mgongoni na gunia begani, hawezi kupanda upande wa pili. Mume wangu alimsalimia kwa Kinyarwanda. Yeye alitusikia lafudhi, akajibu kwa Kiswahili cha Goma, cha wanaovuka kuuza maharage.

"Hii camion tunaijua," akasema. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniumiza. "Haikwepaka mutu. Tukisikia sauti yake tunaingia mu mufereji. Hata watoto wanajua."

"Mama, nisamehe. Sikuwa nawaona. Taa zilikuwa mbaya."

"Sisi tulikuwa tunaona we unatuona. Taa ilikuwa inatupiga ku miguu. Tulisema, huyu ni wa wale walirudi, iko na watu wake walikufa hapa, anataka kumaliza wenye walibakia."

Mtoto mgongoni kwa yule mama alikuwa macho, anatutazama bila kupepesa.

"Bon," mwanamke akasema. "We ulizani sisi ni nini?"

Angeweza kusema majani, au mbuzi. Lakini mume wangu hajui kudanganya. Ni ila yake tangu nilipoolewa naye.

"Nilidhani mmekufa," akasema.

Yule mama akalisogeza gunia begani. "Siku zingine," akasema, "hata sisi tunazani vile."

Mume wangu akanyoosha mkono ili amvute juu. Akamwambia apande garini na mtoto, tuwafikishe hadi kwao, gunia tutalibeba sisi. Mwanamke alirudi nyuma hatua moja, maji ya mfereji yakalia miguuni mwake.

"Hapana," akasema. "Pita kwanza. Nikuone umepita."

Mimi ndiye niliyemshika mume wangu mkono nikamrudisha kwenye lori. Tulipita polepole, taa zikimulika nyuso nyingine zilizokuwa zikichungulia kutoka kwenye mahindi, na mwanamke yule akabaki ndani ya mfereji na mtoto wake mpaka tulipomaliza kupita.